Milima ya Dar es Salaam

Ujumbe wa mchapishaji ulikuwa mfupi: "Mwalimu, futa milima yote. Dar haina milima."

Niliusoma nikiwa ofisi ya walimu hapa Korogwe, madaftari ya darasa la sita yakinisubiri mezani, na kitu cha kwanza nilichohisi ni aibu. Gazeti lile la katuni nimelisoma tangu sijui kusoma sawasawa. Nimeishi Dar es Salaam miaka miwili nikiwa chuoni. Na katika muda wote huo haikuwahi kunipita akilini kwamba yule tarishi wetu anaendesha baiskeli katikati ya jiji la Dar huku nyuma yake kumesimama safu ya milima mirefu yenye msitu. Vilima vya Pugu sivihesabu, maana hata ng'ombe wa Handeni wangevipanda bila kuhema.

Kwa wasiomjua: tarishi alikuwa mtu mrefu, mwenye kichwa kikubwa na koti jeusi alilolivaa hata jua likiwa la utosi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua za ofisini, na kila barua aliyoipeleka ilizua balaa. Mimi nilikutana naye Misima, kijijini kwetu huko Handeni. Baba alikuwa akienda Handeni mjini siku za mnada, na kwenye duka la familia moja ya Kihindi walifungia karanga kwa kurasa za magazeti ya zamani. Kwa hiyo nilipata hadithi vipandevipande: katikati leo, mwisho mwezi ujao, mwanzo pengine nisiupate kabisa. Kurasa zilizokosekana nilizichora mwenyewe kwa mkaa ukutani kwa bibi yangu, nikachapwa, nikachora tena. Ndivyo nilivyoanza kuchora, na sijaacha.

Kazi niliyopewa na mchapishaji ilikuwa ya kunifanya nijidai mtaa mzima. Alikuwa anakusanya hadithi zote za tarishi kutoka kwa wasomaji waliohifadhi nakala, azitoe kama kitabu kimoja. Kurasa halisi, zile zilizochorwa kwa mkono, zilikuwa zimeliwa na mchwa ghalani. Mimi nilitakiwa kuzisafisha picha kwenye kishikwambi changu, nifute madoa, nirudishie mistari iliyopotea. Jalada lingekuwa na jina moja tu, la mzee aliyemwanzisha tarishi, ambaye sasa ni marehemu. Nchi nzima ilijua kwamba yeye ndiye aliyechora kila kitu.

Basi nikakaa, nikaanza kufuta milima.

Nilifuta ya ukurasa wa kwanza. Nikafuta ya wa pili. Kwenye wa tatu mkono ukasita. Kulikuwa na kilele kimoja kilichoinama upande, kikifuatiwa na pengo, halafu mgongo mrefu unaoshuka taratibu. Nilikikuza. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikaangalia nje. Usambara ilikuwa imekaa pale pale inapokaa siku zote, na kilele kilichoinama, na pengo, na mgongo.

Nilisikia nywele zikinisimama. Sisemi kwa kutia chumvi. Nilirudi mezani, nikarudisha nilichokifuta, nikaanza kupitia kurasa zote upya, na safari hii sikuwaangalia watu, niliangalia nyuma yao. Nyuma ya jengo la posta kulikuwa na mistari ya mkonge. Pembeni mwa ofisi ya wizara ulipita mto wenye miti iliyolalia maji. Dirishani kwa bosi wa tarishi, Dar es Salaam, ilionekana treni ya mizigo ikipinda kuelekea Tanga. Watu walichorwa kwa mkono mmoja, mwepesi, wa haraka. Dunia waliyosimama ilichorwa na mkono mwingine kabisa, wa mtu mwenye subira. Na mtu huyo alikuwa ameketi mahali fulani karibu na hapa nilipokaa, na hakuna aliyewahi kumtaja.

Kesho yake baada ya vipindi nilichukua ukurasa uliochapwa kwenye karatasi, nikaenda Korogwe ya zamani, upande wa mtoni. Nilifanya kitu ambacho nikisimulia wenzangu wananicheka: nilitembea nimeinua karatasi mbele ya uso, nikilinganisha milima ya karatasini na milima ya kweli. Nikienda kushoto sana, pengo linafichwa. Nikirudi nyuma, mgongo unafupika. Watoto walinifuata wakiimba. Mwendesha pikipiki mmoja aliniuliza kama napima viwanja vya watu, na kwa nani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikamjibu ovyo, nikaendelea.

Nilisimama nyuma ya nyumba moja ya bati lenye kutu, kwenye ua uliofagiliwa. Pale kila kitu kilikaa. Kilele juu ya kilele, pengo juu ya pengo. Hata mnazi mmoja wa karatasini ulikuwepo, ila sasa umebaki kisiki. Miaka yote nilidhani nilikuwa nasoma habari za mji wa mbali, kumbe nilikuwa nasoma ua wa mtu.

Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akipeta mchele. Aliniangalia mimi, akaiangalia karatasi.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba. Umepotea?"

Nilimwonyesha ukurasa. Hakuushika. Aliupeta tena mchele mara mbili, tatu, akauweka chini ungo.

"Huo mnazi niliuchora vibaya," alisema. "Ulikuwa umeinama zaidi."

Nilikaa chini mchangani, na nguo zangu za kazini.

Alinisimulia polepole, kwa siku tatu au nne, maana nilikuwa nikienda kila jioni kabla jua halijazama. Alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha uchapaji Dar, msichana wa Magoma mwenye mwandiko mzuri. Yule mzee, wakati huo kijana, alikuwa mchoraji wa pale. Alichora watu kwa penseli vizuri kuliko mtu yeyote, bibi alisema hivyo bila kinyongo, lakini alichukia kila kitu kingine. Wino ulimchosha. Kuandika maneno ndani ya viputo vya mazungumzo kulimtia usingizi. Miguu hakuichora kabisa. Aliwaacha watu wake wanaelea, akasema wenye kutaka miguu watajitegemea. Siku moja bibi alimmalizia ukurasa ili uwahi mtamboni, akatia wino, maneno na miguu. Tangu siku hiyo hawakuachana kikazi.

Halafu mama yake bibi akaugua, ikabidi arudi huku. Kazi ikamfuata. Kila wiki kondakta wa basi la Dar alishusha bahasha stendi ya Korogwe, na wiki iliyofuata aliichukua imejaa. Ndani mlikuwa na kurasa za penseli, watu tu, na pembezoni agizo moja: weka mji.

"Mji upi?" nilimuuliza.

"Na mimi nilijiuliza. Dar nilikaa miaka mitatu, nikasahau. Kumbukumbu haina madirisha, mwalimu. Nikawa natoka hapa nje, naangalia, nachora ninachokiona. Nikaongeza ghorofa moja mbele."

"Na hakuna aliyesema kitu kuhusu milima?"

"Waliona ni mawingu." Alicheka hadi akakohoa.

Nilimuuliza habari ya koti. Kule Misima tulikuwa na maelezo chungu nzima ya koti lile jeusi. Mimi niliamini anamwombolezea mama yake. Kaka yangu aliapa kwamba ndani kumefichwa bastola. Bibi alisema hadithi ya kwanza ya tarishi aliipeleka stendi wakati wa masika, bahasha ikalowa juu ya basi kabla halijaondoka, na alipoifungua akakuta wino wa koti umesambaa likawa doa moja. Hakukuwa na muda wa kurudia. Akalijaza lote jeusi, akaomba radhi kwa barua. Jibu lilirudi kwamba wasomaji wamelipenda, aendelee hivyo hivyo. Mvua ya Korogwe ndiyo iliyomvisha koti mtu aliyependwa na nchi nzima, na mpaka leo nikilifikiria napata baridi mwilini.

Siku ya nne nilimwambia nilichokusudia: jina lake liwe juu ya jalada, pembeni mwa lile jingine. Nilitegemea afurahi. Badala yake alianza kukunja ncha ya khanga yake.

"Kwangu si kitu," alisema. "Nililipwa, tuliheshimiana. Lakini kuna mwanangu."

Mwanawe wa pekee anaishi Handeni, ana duka la vifaa vya baiskeli na pikipiki. Akiwa darasa la nne alirudi nyumbani mapema, akamkuta mama yake ameinamia ukurasa. Bibi alikuwa akifanya kazi watoto wakiwa shule, kwa sababu mchoraji alimwomba jambo hilo libaki kati yao. Wasomaji, alisema, wanapenda kumwamini mtu mmoja. Mtoto hakujua siri hiyo. Alikwenda shuleni akatangaza kwamba mama yake ndiye anayechora tarishi. Wenzake wakaleta gazeti, wakamwonyesha jina lililopo. Akashikilia. Wakapigana. Mwalimu akamwita mzazi.

"Nikasimama mbele ya darasa," bibi alisema. "Mwalimu akaniuliza, mama, ni kweli? Na mwanangu ananiangalia. Nikasema mtoto anatania, mimi nilikuwa nanakili gazeti kujifunza tu."

"Akafanya nini?"

"Alichapwa kwa kusema uongo. Mimi nikiwepo. Wakampachika jina la Muongo, akalibeba hadi darasa la saba. Hajawahi kuniuliza tena. Ni mtoto mwema, anakuja, ananiletea unga, ananiletea dawa. Lakini hilo limekaa katikati yetu kama meza."

Nilirudi nyumbani kwa hasira. Niliwakasirikia marehemu, mwalimu wa darasa la nne, mimi mwenyewe na ualimu wangu. Nilimpigia mchapishaji. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba kila mchoraji mkubwa akifa hujitokeza watu wa kudai kipande chake, na kwamba familia ya marehemu haitakubali maneno matupu. Kitabu kinaingia mtamboni mwisho wa mwezi. Nikamwambia hajajitokeza mtu, mimi ndiye niliyemfukua. Nikamwambia asipokuja kuona kwa macho yake, amtafute mfutaji mwingine wa milima. Nilikata simu, nikajuta papo hapo, maana kazi ile niliipenda.

Baada ya nusu saa aliandika: "Jumamosi nakwenda arusini Moshi. Nitashuka Korogwe kwa saa moja tu."

Bibi alipopata habari hizo alimalizia kufagia ua. Halafu akasema, "Basi mwite na mwanangu."

Niliogopa kwa niaba yake. Vidole vyake vilitetemeka hata akishika kikombe cha chai. Tangu gazeti life hakuwa ametia wino mstari mmoja.

Jumamosi mwanawe alifika wa kwanza, na pikipiki iliyojaa vumbi jekundu la Handeni. Ni mtu mzima wa mvi, mpole, wa maneno machache. Alimwamkia mama yake kwa adabu, akanisalimia mimi, akakaa kwenye kiti cha pembeni akiwa amekunja mikono. Nilimwona anavyomtazama mama yake kwa huruma, akidhani uzee umeanza kumchezea. Mchapishaji alikuja na teksi kutoka stendi, kaunda suti ya arusi imeshapigwa pasi, akitazama saa yake.

Nilikuwa nimechora ukurasa mmoja wa penseli kwa kumwiga marehemu: tarishi, bosi, na mwanamke mwenye bahasha. Bila nyuma, bila maneno, bila miguu. Nikamwekea bibi mezani uani, pamoja na chupa ya wino na kalamu ya kuchovya niliyoisaka hadi Tanga.

Bibi aliingia ndani, akatoka na mwiko.

Ulikuwa mwiko wa kawaida wa kusongea ugali, mkubwa, ila ukingo mmoja ulikuwa mweusi tii. Aliulaza kukatiza ukurasa, ncha zote mbili zikiegemea vitabu, akauweka mkono wake juu yake ili usiguse wino mbichi. Nilimwona mwanawe anafungua mikono iliyokunjwa. Baadaye aliniambia kwamba utotoni mwiko ule ulikatazwa jikoni, na yeye alidhani umeungua.

Kisha bibi aliugeuza ukurasa juu chini.

"Samahani, mama, umeugeuza," mchapishaji alisema.

"Najua. Ukiwatazama wima unaona watu, unaanza kuwaonea huruma. Hivi naona mistari."

Akachovya. Kalamu ilipogusa karatasi, mkono ukatulia. Sijui niseme nini kingine. Mkono uliomwaga chai asubuhi ile ulipita kwenye koti la tarishi kwa mstari mmoja, mnene, mwembamba, mnene tena, bila kuinuka. Alijaza koti. Alitia miguu, miguu sita, kila mmoja na kiatu chake. Aliandika maneno ndani ya viputo kutoka kulia kwenda kushoto, yakiwa yamepinduka, na hakuna herufi iliyoyumba. Mwishoni alinyanyua uso, akatazama juu ya bati la jirani, akaishusha Usambara nyuma yao kwa mikwaruzo ishirini hivi. Mimi nimefundisha watoto kuchora miaka mingi, na nimechora mimi mwenyewe maelfu ya kurasa, na siku ile nilijiona ndiyo kwanza naona mtu akichora.

Aliugeuza ukurasa, akausogeza kwa mchapishaji. Halafu, kana kwamba amekumbuka kitu kidogo, akauvuta tena, na kwenye kona ya chini akatia saini ya marehemu. Ile ile, yenye mkia mrefu unaozunguka jina lote, ambayo watoto wa nchi nzima tulijifunza kuiiga.

"Hii nayo alikuwa ananiachia mimi," alisema.

Mchapishaji alivua miwani. Alikuwa kijana wa kufagia na kupanga kurasa katika kiwanda kile kile, alituambia, kabla hajawa na kampuni yake. Pale ofisini kulikuwa na msemo: kazi ngumu ipelekwe Idara ya Korogwe. Kila wiki aliibeba bahasha hiyo hadi stendi kwa mikono yake.

"Mimi nilidhani ni ofisi," alisema. "Nilidhani mko watu sita. Mna bosi, mna meza za kuchorea."

"Nilikuwa na meza hii," bibi alisema, akaipigapiga.

Basi la Moshi lilimwacha. Alikwenda pembeni mwa ua kupiga simu kwa familia ya marehemu, na nilimsikia akisema, hapana, mimi nimeona, nimekaa nimeona. Aliporudi alisema majina yatakuwa mawili, yenye ukubwa mmoja, na milima yote itabaki. Akamwomba bibi aandike jina lake mwenyewe kwa mkono wake, ndilo litakalokwenda jaladani.

Na hapo ndipo bibi alipokwama. Alichovya kalamu, akaisimamisha juu ya karatasi nyeupe, wino ukadondoka. Alikuwa ameandika saini ya mtu mwingine kwa muda wote ule kwa mbwembwe zote, na jina lake hakuwahi kulichora hata mara moja. Aliomba rula. Akaandika kwenye kona, herufi ndogondogo kama za mtoto anayeogopa kumaliza daftari. Nilitaka kumwambia aandike kubwa. Nilijizuia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Aliitazama kazi yake, hakuipenda. Akachukua karatasi nyingine. Safari hii hakutumia rula. Akaandika jina lake kubwa, toka ukingo hadi ukingo, akiwa wima kabisa mbele ya meza. Alipomaliza hakumtazama mchapishaji wala mimi. Alimgeukia mwanawe.

"Hukusema uongo," alimwambia. "Mimi ndiye niliyesema."

Yule mtu mzima alisimama. Alikwishamwamkia mama yake asubuhi alipofika, na kwetu mtu haamkii mara mbili. Alikuja hadi mezani, akainama mpaka kichwa chake kikawa chini ya kile cha mama yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bibi alimwekea mkono kichwani, wenye wino vile vile, na ilimchukua muda kabla hajaweza kuitikia marahaba.